Kwa Wazazi na Waalimu: Tendo Moja, Vitabu Vingi

Mwezi huu tuna neno la kuungama kwanza, na la kufundisha baadaye.

Tulipokuwa wageni katika nyumba moja ya Daraja Mbili, binti wa nyumba alituonyesha daftari lake la Kiingereza. Alikuwa ameandika, "Reading books are good." Mwalimu alilifuta neno "are", akaweka "is". Baba akatuuliza, "Je, vitabu si vingi?" Nasi kwa haraka tukajibu kwamba mwalimu amekosa. Usiku ule tukafikiri tena, tukaona kwamba tuliokosa ni sisi.

Maana jambo linalosifiwa pale si vitabu, bali ni kusoma. Na kusoma ni tendo moja, vijapokuwa vitabu mia. Neno "books" lilisimama jirani na kitenzi, likatudanganya kwa ujirani wake. Kiswahili chetu kingalituonya, lau tungalikisikiliza. Hatusemi, "Kusoma vitabu vinafaa," bali, "Kusoma vitabu kunafaa." KU ya kwanza huita KU ya pili, nayo ndiyo ngeli ambayo wataalamu wa lugha za Kibantu huihesabu kuwa ya 15.

Lakini waalimu waangalie: mbele kidogo njia za lugha hizi mbili zaachana. Ngeli ya KU haina wingi, twasema, "Kusoma na kuandika kunafaa." Bali katika Kiingereza matendo mawili yaliyo mbalimbali hutaka wingi: "Reading and writing are useful." Ila yakichukuliwa kuwa jambo moja, umoja hurudi: "Drinking and driving is dangerous", maana hatari inayotajwa ni moja, yaani kuendesha gari hali umelewa.

Asubuhi tukamwambia binti yule mbele ya baba yake, "Mwanetu, mwalimu wako alisema kweli, sisi tulikosa." Baba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitakwenda kumsalimu, maana nimekwisha kumnung'unikia."

Enyi wazazi, mtoto asikiaye mwalimu wake akidharauliwa nyumbani, atamsikilizaje shuleni? Tusiwe wepesi wa kuhukumu, wala wazito wa kuungama. Wazee walisema, Kupotea njia ndiko kujua njia. Nanyi tazameni: njia imesimama karibu, lakini "ndiko" yafuata "kupotea", si "njia".