Majina ya Vitabu Yasiachiwe Mashine

Yako maneno yanayosikika siku hizi katika vyumba vya walimu, kwamba herufi kubwa na herufi ndogo katika majina ya vitabu ni jambo la kuachiwa kompyuta. Msemaji wake huandika programu fupi ya mistari mitano au sita, ile iitwayo skripti, akaielekeza kwenye hifadhidata ya vitabu, na kabla chai haijapoa orodha nzima imekwisha kugeuzwa. Sisi twasema kwamba kazi hiyo, kama inavyofanywa sasa, si usahihishaji bali ni uharibifu. Wala hatusemi kwa kusikia, maana orodha iliyoharibiwa ni ile tuliyowagawia wanafunzi wetu wenyewe.

Emmanuel Mbogo aliandika tamthilia iitwayo Ngoma ya Ng'wanamalundi. Skripti ya kwanza iliyopitishwa juu ya orodha yetu ilikuwa na amri ya kukuza herufi ya mwanzo ya kila neno. Katika lugha ya programu iitwayo Python, amri hiyo hudhani neno jipya limeanza kila inapokuta alama isiyo herufi, hata ikiwa ni ritifaa. Basi tukapata "Ngoma Ya Ng'Wanamalundi". Mwalimu anayemkaripia mtoto kwa kuandika "ng'Ombe" atasema nini mbele ya karatasi hiyo, iliyopigwa chapa na walimu? Mwenye skripti akaona kosa, akageuza amri: herufi zote ziwe ndogo, isipokuwa ile ya kwanza ya jina zima. Tukapata "Ngoma ya ng'wanamalundi", na shujaa wa simulizi za Wasukuma akapokonywa jina lake.

Hapo ndipo ulipo ubishi wetu. Ile "Ya" kubwa ni aibu, lakini yarekebishika: mashine yaweza kufundishwa kwamba wa, ya, cha, na, kwa na wenzao huandikwa kwa herufi ndogo. Jina la mtu lililoshushwa halirudi, kwa kuwa mashine haikuweka kumbukumbu yoyote kwamba lilikuwa jina. Tazameni Utenzi wa Mwana Kupona. Mwana ni neno la kamusi, na kupona ni neno la kamusi. Yashusheni yote mawili, na mwanafunzi wa huku kwetu bara, ambaye hajapata kumsikia mama yule wa Pate aliyemtungia binti yake wasia mwaka 1858, atadhani ni utenzi wa mtoto aliyepata nafuu ya ugonjwa. Mmoja wetu aliulizwa swali hilo darasani, tena na mwanafunzi hodari. Na Kisima cha Giningi cha Muhammed Said Abdulla je? Giningi, makao ya wachawi katika masimulizi ya Unguja na Pemba, ikiandikwa kwa herufi ndogo yaonekana kama aina ya mawe.

Watatokea wa kutujibu kwamba wakutubi nao huandika "Nyota ya rehema", wakikuza neno la kwanza na majina maalumu tu. Ni kweli, na hatuna ugomvi nao, maana mkutubi hulifanya hilo akiwa amekifungua kitabu.

Chanzo cha balaa chajulikana. Programu nyingi za marejeo zilitungwa kwa kanuni za Kiingereza, na orodha ya maneno madogo iliyomo ndani yake ni ya Kiingereza. "Wa" wetu huhesabiwa kuwa neno zito. Lakini tusiwatupie wengine lawama yote. Katika programu ya Zotero ipo sehemu ya kuandika lugha ya kitabu. Ikijazwa sw, programu yenyewe hujizuia kutumia herufi kubwa za kanuni ya Kiingereza wakati wa kutoa marejeo. Wakutubi hutumia swa, na Kiswahili cha Kongo kimepewa hata alama yake cha peke yake, swc. Nani kati yetu alijaza? Tuliiacha tupu, rekodi baada ya rekodi, kisha tukashangaa mashine ilipotudhania Waingereza.

Sasa twarudia kazi kwa mkono. Jalada halitusaidii, kwani mara nyingi jina huchapwa lote kwa herufi kubwa. Hatuna budi kufungua ndani, na pengine kusoma kurasa kadhaa, ili kujua kama neno ni jina la mtu au la.

Mwenye skripti hatumfukuzi. Aje nayo, ila itoe orodha ya majina inayoyashuku, isibadilishe hata herufi moja, na nakala ya awali iwekwe kando kabla hajagusa kitufe. Kisha walimu wawili waketi na orodha hiyo, vitabu vikiwa mezani.