Australia: Shetani wa Tasmania ameanza kuizoea kansere, je, watu wamuache?

Kwa miaka karibu 30, mnyama anayeitwa shetani wa Tasmania amekuwa akikufa kwa ugonjwa wa ajabu: kansere inayoambukizwa. Wengi walisema atamalizika kabisa. Hajamalizika, na sasa ubishi ni juu ya nani atamuokoa: watu pamoja na vizimba vyao, ao yeye mwenyewe kule porini.

Jina lake ni baya kuliko yeye. Ni mnyama mweusi, mkubwa kama mbwa mdogo. Dume kubwa linafikisha kilo 12 hivi. Anakula nyama, hasa mizoga, na meno yake yanavunja hata mifupa. Jike anabeba watoto ndani ya mfuko wa ngozi tumboni, kama kangaruu. Anazaa zaidi ya 20 kwa mara moja, lakini chuchu ni nne tu, kwa hiyo wanaochelewa kufika wanakufa. Leo kundi lake la porini liko kwenye kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia, kisiwa chenye ukubwa karibu sawa na Jimbo la Kivu Kusini.

Kansere hiyo ilionekana mara ya kwanza mwaka wa 1996, kaskazini-mashariki mwa kisiwa. Ilianzia kwa jike mmoja. Chembe za uvimbe wake zilihamia kwa mwingine kwa njia ya kuumwa, kisha kwa mwingine tena, na mpaka leo chembe hizo zingali hai ndani ya miili ya wengine, ijapokuwa mwenyewe alikufa zamani. Wanyama hawa wanaumana usoni wanapogombania mzoga, na zaidi sana wakati wa kupandana. Kinga ya mwili haioni chembe hizo kuwa adui. Uvimbe unajaza mdomo, mnyama anashindwa kula, na kwa kawaida anakufa ndani ya miezi. Hesabu iliyotolewa mwaka wa 2021 inaonyesha kwamba walikuwa karibu 53,000 katika miaka ya 1990, wakabaki chini ya 17,000.

Serikali ya Tasmania ilikusanya wanyama wazima na kuwafuga mbali na ugonjwa. Kuanzia mwaka wa 2012, baadhi yao walipelekwa kwenye kisiwa kidogo cha Maria. Waliongezeka vizuri. Lakini hapo palikuwa na pengwini wadogo, jozi karibu 3,000 zenye kutaga, na ndani ya miaka michache hakubaki hata moja. Hasara hiyo haikuwa fumbo: ndege asiyeweza kuruka, anayetaga chini, aliwekewa jirani mwenye kula nyama.

Wakati huo, porini, mambo yalikuwa yanageuka pasipo msaada wa mtu. Majike, kwa kuwa wanakufa mapema, walianza kuzaa wakiwa na mwaka mmoja. Mwaka wa 2016 wataalamu walionyesha kwamba urithi wa damu yao ulikuwa umebadilika katika vizazi vichache tu, na wanyama wachache walionekana uvimbe ukinywea wenyewe. Utafiti wa mwaka wa 2020 ulikuta kwamba mgonjwa mmoja sasa anaambukiza karibu mmoja tu, si wengi kama zamani.

Ndiyo sababu watafiti fulani wanaogopa kufungulia porini wanyama wa vizimbani. Hawa hawajawahi kupambana na ugonjwa. Wakichanganyika na wale walioanza kuuzoea, wanaweza kurudisha udhaifu kwenye kizazi, tena msongamano unaongeza kuumana. Wengine wanajibu kwamba vikundi vidogo vilivyobaki vinazaana ndugu kwa ndugu, na vinahitaji damu mpya. Hoja hiyo ina maana kwa kikundi kilichofungiwa pembeni. Kwa kisiwa kizima, hoja ya kwanza ina uzito zaidi.

Lakini hata upande huo hauna usingizi. Mwaka wa 2014 kansere ya pili ilipatikana kusini-mashariki mwa Tasmania, tofauti na ile ya kwanza, na mnyama aliyeizoea moja hana hakika ya kuishinda nyingine. Watafiti wanatengeneza chanjo ya kuwekwa ndani ya chakula cha mtego, kama inavyofanywa kwa kichaa cha mbwa mwituni. Na kila usiku magari yanaendelea kuwagonga barabarani, wakiwa wameinamia mizoga ya wanyama wengine waliogongwa mbele yao.