Daftari la saiba, na kwa nini nataka tuanzishe kikundi kazi cha utambulisho

Mwezi wa Juni, siku chache kabla ya makataa ya ritani za ushuru, niliingia saiba moja hapa Kithimani kuchapisha karatasi mbili. Mbele yangu alikuwa mwaitu mmoja anayeuza nyanya sokoni. Kijana wa saiba hakumwuliza nywila. Alivuta droo, akatoa daftari lililochakaa pembe, akapekua mpaka herufi M. Hapo palikuwa na jina lake, namba ya kitambulisho, PIN ya KRA, nywila ya iTax, nywila ya eCitizen, na nywila ya barua pepe ambayo kijana mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Dakika tano, kazi imekwisha, shilingi zikalipwa, mwaitu akarudi kwa nyanya zake.

Kabla hujacheka, tazama jambo hili kwa jicho la mtu wa programu. Lile daftari ni mfumo kamili wa kuingia mara moja kila mahali. Linafanya kazi hata stima ikipotea. Kijana si mwizi, na bila yeye watu wengi hapa wasingekuwa na hiyo PIN. Shida ni kwamba nywila haina mipaka. Ukimpa mtu nywila ili akufanyie jambo moja, umempa mambo yote, leo na mwaka ujao, na huna njia ya kumnyang'anya isipokuwa kuibadilisha, jambo ambalo utamwomba yeye yeye akufanyie. Siku droo hiyo ikivunjwa, soko zima litakuwa limevunjiwa nyumba.

Nasisitiza kisa hiki kwa sababu mtandao wa dunia nzima uliwahi kuwa saiba ya namna hii. Mwaka 2006 na 2007 tovuti changa zilikuwa zinakuomba nywila ya barua pepe yako bila haya, ati zikutafutie marafiki. Watu wakatoa. Wakati huo Blaine Cook alikuwa akifanya kazi Twitter, na alipojaribu kuunganisha OpenID (iliyobuniwa na Brad Fitzpatrick mwaka 2005) aligundua kwamba hakuna kiwango huria cha kumruhusu mtu wa tatu afanye jambo kwa niaba yako bila kumpa nywila. Alizungumza na kina Chris Messina na Larry Halff, na kufikia Aprili 2007 kikundi kidogo kilikuwa kinaandika rasimu. Desemba mwaka huo huo OAuth 1.0 ikatoka. Watu wachache, miezi michache.

Wazo lenyewe ni rahisi. Programu inayotaka habari zako inakutuma nyumbani ambako akaunti yako inaishi. Unaandika nywila huko tu. Nyumba inakuuliza: huyu anataka kuona hiki na hiki, umpe? Ukikubali, programu inapewa tokeni yenye mipaka na muda wa kuisha, na unaweza kuifuta wakati wowote. Ni sawa na kumwachia jirani ufunguo wa ghala la mahindi bila kumpa wa chumba cha kulala.

Baadaye kazi ilihamia IETF, na mambo hayakuwa matamu. Eran Hammer, mhariri mkuu wa OAuth 2.0, alijiuzulu Julai 2012 na kuondoa jina lake, akilalamika kwamba kampuni kubwa zimeijaza hati hiyo mahitaji yao hadi ikapoteza umbo. Oktoba 2012 ikachapishwa hata hivyo, kama RFC 6749, na Februari 2014 OpenID Connect ikajengwa juu yake. Kila ukibonyeza kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google, unapita kwenye barabara hiyo.

Basi kama kiwango kipo, kikundi kazi cha nini?

Kwa sababu OpenID Connect inatwambia jinsi ya kupitisha utambulisho. Haitwambii sisi wa hapa tumekubaliana nini. Mkulima wa mishiri anayemwagilia kwa mfereji wa Yatta ameandikishwa na chama cha ushirika, na sacco, na mnunuzi wa kusafirisha nje, na orodha ya mbolea ya ruzuku, na tangu Oktoba 2024 SHA badala ya NHIF. Kila mmoja amechukua majina yale yale matatu na kuyapanga anavyotaka. Jina la kati la huyu ni jina la ukoo la yule. Nimewahi kupewa kazi ya kulinganisha orodha mbili za wanachama wa ushirika mmoja (sitautaja) na nikakuta mtu mmoja amekuwa watu watatu, mmoja wao tayari amelipwa. Wiki mbili za maisha yangu zilikwenda hapo.

Halafu kuna namba ya simu. Waundaji programu wengi nchini tunaitumia kama utambulisho wenyewe, na mimi nimefanya hivyo pia, kwa aibu. Lakini laini ikikaa bila kutumika hupewa mtu mwingine. Mtu huyo akijaribu kuingia, mfumo wako unamkaribisha kwenye akaunti ya marehemu. Hati ya OpenID Connect inasema wazi: kinachomtambulisha mtu ni jozi ya mtoaji na namba ya ndani isiyobadilika, si simu wala barua pepe. Ni nani kati yetu anayefuata hilo?

Na kuna jambo la kijana wa saiba, ambalo kwangu ndilo kiini. Viwango vingi vimeandikwa na watu wanaodhani kila mtu anakaa peke yake mbele ya skrini yake. Hapa kwetu mtu anafanyiwa na mtu. Tunahitaji njia ya mwaitu kusema: namruhusu huyu awasilishe ritani yangu, leo tu, na ibaki kumbukumbu kwamba ni yeye aliyefanya. Vipande vipo tayari. RFC 8693 ya Januari 2020 inaruhusu tokeni kubeba jina la mhusika na la anayetenda kwa niaba yake. Nyongeza ya OpenID Connect iitwayo CIBA, iliyokamilika 2021, inaruhusu kazi ianze kwenye kompyuta moja na idhini itoke kwenye simu ya mwenyewe. Mkenya yeyote aliyelipa dukani kwa M-Pesa anaijua hali hiyo: simu inawaka, inakuuliza kiasi na jina, unaweka PIN. Hakuna haja ya kumfundisha mwaitu chochote kipya. Kinachokosekana ni watu wa kukaa chini na kuandika: hivi ndivyo sacco zote, vyama vyote na saiba zote zitakavyofanya.

Najua utaniambia serikali tayari ina eCitizen, na imeanza kuwa mlango wa huduma nyingi. Sawa, naitumia. Lakini mwishoni mwa Julai 2023 ilishambuliwa na huduma zikakwama nchi nzima, kwa hiyo tunajua mlango mmoja una maana gani. Tena mlango mmoja unaona kila anayepita. Oktoba 2021 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Jairus Ngaah, ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu tathmini ya athari kwa faragha haikufanywa kwanza. Hayo hayakuwa maneno ya wanaharakati wenye kelele, ilikuwa sheria ya mwaka 2019 ikisomwa kama ilivyoandikwa. Na wale wa Worldcoin waliopanga watu foleni KICC mwaka 2023 kuchukua picha za macho, mahakama iliwaamuru Mei 2025 wafute walichochukua.

Sheria hiyo hiyo ya Ulinzi wa Data, kifungu cha 38, inakupa haki ya kuchukua data yako na kuihamishia kwingine kwa muundo unaosomeka na mashine. Muundo upi? Kifungu hakitaji. Kazi ya kwanza ya kikundi iko hapo.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kikundi cha jamii cha W3C kinahitaji watu watano tu wa kukiunga mkono, hakuna ada, na wanaochangia hutia saini kwamba hawatakuja baadaye kudai hataza juu ya walichoandika. Watu watano! Kilinux walipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi, hawakungoja kampuni kubwa iwaonee huruma. Ila nakubali vikundi hufa. Mozilla walianzisha Persona mwaka 2011, kitu kizuri kwa kweli, wakakizima Novemba 2016 kwa kukosa watumiaji. Kwa hiyo sitaki hati ya kurasa mia. Nataka kurasa kumi na programu huria mbili zinazozungumza, moja ya sacco na moja ya ushirika, kabla hatujatunga hata nembo.

Sitaki pia ijae watu wa programu peke yetu. Nataka karani wa ushirika, wakili anayeijua sheria ya 2019, mtu wa zahanati. Kampuni za simu zikaribishwe, zikae kiti kimoja kama wengine.

Mpaka sasa tuko watatu. Kijana wa saiba amekubali kuwa wa nne, kwa sharti kwamba tusifanye mkutano wowote mwezi wa Juni.