Mfuko Umetobolewa Dodoma, Kiraka Tunadaiwa Sisi Babati

Makamanda, leo tuongee hela. Najua wengi mkiona maneno "mapato ya ndani ya halmashauri" mnapita haraka kwenda kwenye picha za mikutano. Msipite. Taka zikikaa wiki mbili bila kuzolewa, kikundi cha vijana kikiambiwa "fungu limeisha, rudini mwaka ujao wa fedha", bajaji ikikimbizwa stendi na mtu mwenye mashine ya POS, habari ni hiyo hiyo. Mfuko umetoboka na mtu anatafuta pa kufidia.

Mimi ni mtoto wa Mutuka, Babati Mjini, na nasoma sheria. Ukisoma sheria unazoea kuuliza maswali mawili yakiwa pamoja: nani ana wajibu, na nani ana uwezo wa kuutimiza? Halmashauri ya Mji wa Babati ina wajibu mwingi. Soko ni lake, machinjio ni yake, taka ni zake, zahanati na madarasa yakikosa paa anasumbuliwa diwani. Ila ule uwezo, yaani vyanzo vya mapato, unashikwa na watu walio mbali na Ziwa Babati. Wakiamka asubuhi wakaamua kukifuta chanzo au kukihamisha, baraza la madiwani linasikia kwenye redio kama sisi.

Sisemi kwa kukisia. Tufuate miaka.

Mwaka 2016 Sheria ya Fedha iliipa TRA kazi ya kukusanya kodi ya majengo, ikianza na halmashauri 30. Mwaka uliofuata mpango ukapanuliwa, na ushuru wa mabango nao ukaondoka halmashauri ukaenda TRA. Juni 2017, kwenye hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, akatangaza kushusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Akaongeza kwamba mzigo usiozidi tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine usitozwe ushuru. Desemba 2018 Rais Magufuli akagawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh 20,000 kimoja, kwa wenye mauzo yasiyofika Sh milioni 4 kwa mwaka. Mwenye kitambulisho asiguswe na ushuru mwingine, na ile elfu ishirini haikuingia kwenye mfuko wa halmashauri.

Hesabuni wenyewe: nyumba, mabango, mazao, wamachinga. Kwa mji kama Babati, usio na mgodi wala bandari, ukishavigusa hivyo vinne umebakiza nini? Leseni, ushuru wa huduma, stendi na soko.

Kwetu ilikuja na balaa la ziada. Babati ni nchi ya mahindi na mbaazi, na mnunuzi mkubwa wa mbaazi ni India. Agosti 2017, wiki chache tu baada ya viwango vipya kuanza kutumika, India ikaweka ukomo wa kuingiza mbaazi, tani 200,000. Bei ikaanguka kama jiwe. Nilikuwa bado sekondari, na nakumbuka magunia yamepangwa sebuleni hadi mlango haufunguki vizuri, mama akisema tusubiri bei ipande. Haikupanda.

Sasa tazama hilo kwa jicho la halmashauri. Tuchukue mfano, namba za kuhesabia tu. Gunia lenye thamani ya Sh 200,000 kwa asilimia 5 linatoa ushuru wa Sh 10,000. Bei ikishuka hadi Sh 50,000 na kiwango kikashuka hadi asilimia 3, gunia lile lile linatoa Sh 1,500. Hapo umepoteza Sh 8,500 katika kila Sh 10,000 ulizokuwa umeziweka kwenye bajeti. Pigo moja limetoka New Delhi, lingine Dodoma, na yote yanatua kwenye meza moja ya mweka hazina pale Babati.

Nilipolisema hili nyumbani likizo iliyopita, baba mdogo alinikatisha. "Binti, mbona hatukuelewi? Ushuru ukiwa mkubwa mnalia, ukipunguzwa mnalia. Mimi mkulima, kwangu nafuu ni nafuu."

Nikamwambia, "Baba, hapo una haki kabisa."

Na kweli anayo. Ushuru wa mazao ulikuwa kero. Kisheria anayelipa ni mnunuzi, lakini kila mkulima anajua mnunuzi anaukata kwenye bei. Vizuizi vya barabarani, watu wanalala na magunia, ubabe wa mageti, hayo hatuyatetei, na upinzani tuliyapigia kelele miaka yote. Mama lishe na mmachinga kupumzishwa kulipa kila siku, nalo ni jema. Hoja yangu haiko kwenye kumpunguzia mnyonge. Hoja ni kwamba aliyepunguza hakutoa chake. Ametoa cha halmashauri, akapigiwa makofi yeye, bili akaiacha kwa diwani. Ni kama mjomba anayekuja msibani akachangisha kwa jina lake kutoka mifukoni mwa wengine.

Wengine watasema serikali kuu nayo ilibeba mzigo, kwa mfano barabara zilihamia TARURA mwaka 2017. Sawa, nakubali, hilo ni kweli. Ila nani kati yenu ameona mzigo wa taka umehamia kokote? Soko je? Vyoo vya soko je? Mzigo uliohama ni mmoja, vyanzo vilivyohama ni vingi.

Na hili si jipya. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa kwa jina la "madaraka mikoani", zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 baada ya miji kuoza. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ikafutwa, na halmashauri zikaahidiwa ruzuku ya kufidia. Kodi ile ilikuwa ya manyanyaso, watu walikimbilia porini kukwepa mgambo, haikustahili kubaki. Lakini ruzuku ina mwenyewe. Anayekupa ndiye anayeamua lini na kiasi gani, na akikasirika hakupi. Halmashauri inayoishi kwa ruzuku haiwezi kumkatalia mkuu wa mkoa kitu.

Sasa niwaambie kwa nini hili ni la kijana. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa, Sura ya 290, ilirekebishwa ili kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani yasiyolindwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwanasheria mwanafunzi kama mimi ninaifurahia, kwa sababu ni haki iliyoandikwa, si hisani. Lakini asilimia 10 ya nini? Kila Sh milioni 100 ikipotea kwenye mapato hayo, vijana tumepoteza milioni 4. Hiyo ni bodaboda moja na chenji, imeyeyuka bila mtu yeyote kutuambia. Serikali ile ile iliyotuandikia haki ndiyo iliyopunguza kisima cha kuichota. Halafu Aprili 2023 mikopo yenyewe ikasimamishwa nchi nzima kwa sababu ya madeni na ubadhirifu, hadi ilipokuja kurudishwa mwaka uliofuata. Vikundi vilivyolipa vizuri viliadhibiwa pamoja na vikundi hewa.

Tuje kwenye kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU. Ilianza Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi Sh 1,500, yaani Sh 18,000 kwa mwaka. Mwenye wajibu kisheria ni mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni nani? Ni wewe mpangaji wa chumba kimoja. Sisemi LUKU ni njia mbaya ya kukusanya, ni rahisi na haina mgambo. Ila mita inajulikana iko wapi. Kama mashine inajua mita hii iko Mutuka, inashindwaje kuipeleka hela yote Babati? Hakuna kinachoshindikana hapo kitaalamu. Ni suala la nani anataka kuishika pochi.

Wenzetu Kenya walilimaliza kwa katiba. Katiba yao ya 2010, ibara ya 209, imezipa kaunti kodi ya majengo moja kwa moja, na ibara ya 203 inazihakikishia si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kaunti zao zina madudu yake, wizi upo, mishahara inachelewa. Lakini waziri wa fedha wa Nairobi hawezi kusimama bungeni mchana mmoja akaondoka na kodi ya majengo ya Kisumu. Kwetu, ibara ya 145 na 146 zinasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, kisha hazisemi hela ya madaraka hayo inatoka wapi na nani haruhusiwi kuigusa. Tunapodai katiba mpya, na hili liwemo kwenye orodha.

Kwa hiyo napendekeza tusimamie mambo matatu. Moja, kifungu cha sheria kinachosema chanzo cha halmashauri hakifutwi wala hakihamishwi bila fidia iliyotajwa kwa namba kwenye Sheria ya Fedha ya mwaka huo huo. Mbili, kodi ya majengo yote irudi kwenye halmashauri ilipo mita, hata kama mkusanyaji anabaki LUKU. Tatu, halmashauri nazo zifungue vitabu. Hatuwezi kudai zirudishiwe hela huku ripoti za CAG kila mwaka zikitaja makusanyo ambayo hayakufika benki. Nani atatuelewa?

Hilo la tatu halisubiri Bunge. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: ukiomba taarifa kwa maandishi, unapaswa kujibiwa ndani ya siku 30. Wewe uliye Bagara, Bonga, Singe, Nangara, Maisaka au kwetu Mutuka, andika barua kwa mkurugenzi. Uliza mapato ya ndani yaliyokisiwa na yaliyokusanywa mwaka uliopita, kwa kila chanzo. Uliza asilimia 4 ya vijana ilikuwa shilingi ngapi na ilitoka kwa vikundi vipi. Piga nakala, gonga muhuri wa kupokelewa, hesabu siku. Wakikaa kimya, lete barua hiyo kwenye kikao cha vijana. Mimi na wenzangu wa sheria tutaisoma na kuandika rufaa bure. Kikao cha baraza la madiwani nacho kiko wazi kwa wananchi, tuingie tukae, tusikilize bajeti inavyopita.

Mikutano ya hadhara ni mizuri na tutaendelea nayo. Lakini chama tawala hakiogopi sana nyimbo zetu. Kinaogopa kijana aliyeshika karatasi ya mapato na matumizi, anayeuliza safu ya tatu imeenda wapi.