Kamera Inajua Inaumwa Wapi, Mbona Haisemi?

Leo nina hasira, wasomaji wangu, na hasira yenyewe ni ya namba moja tu: 99.

Waliowahi kumiliki kamera za Canon za miaka ile, mathalani EOS 300D iliyotoka 2003, wanaijua. Unabonyeza kitufe, kile kioo cha ndani kinapanda, tak! halafu hakishuki. Ukichungulia kwenye kitundu ni giza totoro. Kisha unaletewa maandishi mafupi: Err 99. Unakimbilia kitabu cha maelezo. Kule unakuta makosa mengine yana majina yake: lenzi haiwasiliani na kamera, kadi ina shida, kadi imejaa, flashi imekwama. Na 99? Hilo ni kosa jingine lolote lisilokuwa miongoni mwa hayo. Toa betri, irudishe. Basi, kwaheri ya kuonana.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo siwezi kudanganywa hapa. Hebu tuangalie kinachotokea ndani ya sehemu ya sekunde unapopiga picha. Tundu la lenzi linajibana kufikia kipimo ulichochagua. Kioo kinapanda kupisha mwanga. Pazia la kwanza la shata linafunguka, sensa inapokea mwanga, pazia la pili linafunga. Kioo kinashuka, mota inavuta shata upya ikae tayari kwa picha ijayo. Hizi ni hatua zinazofuatana, na kuna programu inayozisimamia. Programu hiyo haikuchoka tu ikalala. Imesimama kwa sababu kuna ishara iliyokuwa ikiingojea na haikuja, na inajua ni ishara ya hatua gani. Ingekuwa haijui, isingejua hata kwamba kuna kosa!

Kwa hiyo habari ipo. Mtu fulani aliketi akaamua kwamba mwenye kamera haimhusu.

Na msiniambie haikuwezekana. EOS 50D ilipotoka 2008, Canon hao hao waligawanya kapu hilo la 99 wakatoa namba mbalimbali: 20 kwa matatizo ya mitambo, 30 kwa shata, 40 kwa umeme, na nyingine kadhaa. Ajabu ni kwamba hata hapo kitabu cha mnunuzi kiliziweka zote pamoja na dawa ikawa ile ile, zima uwashe. Namba mpya, ukimya wa zamani.

Linganisha na gari. Marekani iliwalazimisha watengenezaji wa magari kuanzia mwaka 1996 kuweka mfumo mmoja wa kusoma makosa ya injini, wenye namba zinazojulikana na kila mtu. Ukipata P0301, maana yake silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Nenda Grogan leo umkute fundi ambaye hakumaliza hata darasa la nane, anachomeka kimashine chake chini ya usukani, anasoma namba, anakwambia "leta plagi". Hakuna mtu aliyekufa kwa sababu fundi wa Grogan alijua silinda gani inakohoa.

Sasa niwape kisa kilichonifanya niandike. Jirani yangu ni mama anayeishi kwa kupiga picha: ruracio, matanga, mahafali ya watoto wa chekechea. Kamera yake ni ya mtumba, ya umri mkubwa, na chapa yake sitaitaja. Kioo kikakwama juu, kamera ikaandika kosa lisilo na maelezo yoyote. Akaipeleka duka moja la kutengeneza katikati ya jiji, wakaishika siku tatu, wakamwambia mwili wa kamera umekufa, heri anunue mwingine, na wao wanao wa kumuuzia. Jumamosi alikuwa na kazi ambayo ameshapokea arbuni yake, na arbuni yenyewe imeshalipa karo.

Niliomba niione kabla hajaenda kukopa. Tulichaji betri ikajaa kabisa, maana betri dhaifu huweza kukipandisha kioo ikakosa nguvu ya kukishusha. Haikusaidia. Tukaondoa lenzi, tukapiga bila lenzi: kioo kikapanda, kikashuka, safi. Tukapachika lenzi nyingine ya kuazima, safi tena. Tukarudisha lenzi yake tukiwa tumefungua tundu hadi mwisho, ikapiga. Tukabana hadi f/8, ikakwama pale pale. Mnaona? Mwili wa kamera haukuwa na neno. Lenzi ndiyo iliyoshindwa kubana tundu lake, kamera ikangoja jibu, halikuja, ikagoma kioo kikiwa juu. Dakika kumi. Jumamosi alifanya kazi kwa lenzi ya kuazima, tundu wazi.

Mashine ilijua hayo yote tangu sekunde ya kwanza. Kwa kunyamaza kwake karibu imgharimu mama wa watu kamera nzima, na duka ambalo halikujisumbua hata kutoa lenzi lingepata faida juu ya ukimya huo.

Kwa wenye kioo kilichokwama hivi sasa: kabla ya lolote, hakikisha kwamba ni ugonjwa kweli. Kamera nyingi za aina hii zina mpangilio wa kupandisha kioo kwanza, ambapo ukibonyeza mara moja kinapanda na picha inapigwa ukibonyeza mara ya pili. Mtoto akichezea menyu, utadhani imeharibika. Hali ya kusafisha sensa nayo hukishikilia kioo juu makusudi mpaka uzime. Baada ya hapo fuata njia yetu: betri, kadi nje, lenzi nje, futa vile vishikizo vya shaba vya lenzi kwa kitambaa kikavu. Usikisukume kioo kwa kidole. Mng'ao wake umepakwa upande wa mbele, si nyuma kama kioo cha chumbani, na alama ya kidole ukiiacha hapo kuiondoa ni kazi. Mapazia ya shata ndiyo usiyaguse kabisa.

Kama hata bila lenzi kioo hakishuki, basi ni mota, gia au shata, na hapo ni mikono ya fundi. Usifungue mwenyewe kwa bisibisi ya jikoni. Ile kapasita ya flashi hubeba volti mia tatu na ushei, na huendelea kuzibeba baada ya kutoa betri.

Najua kuna watakaoishika hoja hiyo hiyo: si unaona, ni hatari, ndiyo maana kampuni zinaficha. La hasha! Hatari ya umeme ni sababu ya kuandika onyo, si sababu ya kuficha jina la ugonjwa. Aliyeambiwa "kosa liko kwenye lenzi" hana haja ya kufungua kamera. Anayefungua ovyo ni yule asiyeambiwa kitu.

Wengine watasema nafasi ya programu ilikuwa ndogo. Kamera hiyo hiyo ya 300D ilikuwa na uwezo uliofungiwa ndani, ukiwemo huo wa kupandisha kioo kwanza, mpaka Mrusi mmoja akarekebisha programu yake ya ndani na watu wakaufurahia bure. Nafasi ya kuficha uwezo ilikuwepo, ya kuandika maneno mawili ikakosekana?

California ilipitisha sheria, ikaanza kutumika Julai 2024, inayowadai watengenezaji watoe vipuri, vifaa na maelezo ya kutengeneza. Nzuri sana, ila inahusu vitu vilivyotengenezwa kuanzia Julai 2021. Kamera za akina jirani yangu, zilizozunguka mabara mawili kabla ya kufika Nairobi, haziimo.

Kwa hiyo ombi langu kwa kampuni hizi ni dogo. Mmeshahamia kamera zisizo na kioo. Vitabu vya mafundi wenu vya mwaka 2003 hadi 2010, vyenye maana ya kila kosa na hatua ambapo programu husimama, haviwalindi dhidi ya mshindani yeyote tena. Viwekeni wazi, kwa lugha yoyote mliyo nayo. Kutafsiri tutatafsiri wenyewe.