Familia za Watoto Wenye Usonji: Nafasi ya Mwanaisimu katika Utafiti

Utafiti kuhusu familia za watoto wenye usonji umepitia vipindi vitatu. Katika cha kwanza, mzazi alikuwa mshtakiwa. Leo Kanner, aliyeieleza hali hiyo mwaka 1943 kutokana na watoto 11, aligusia ubaridi wa wazazi. Bruno Bettelheim akaikuza dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Katika cha pili, shutuma ilibatilishwa. Bernard Rimland alikwisha kuipinga mwaka 1964, na uchunguzi wa Folstein na Rutter wa jozi 21 za mapacha, uliotolewa mwaka 1977, ulidhihirisha uzito wa urithi. Katika cha tatu, mzazi amekuwa mtu wa kupimwa: msongo wake, gharama zake, uchovu wake.

Maoni yetu ni kwamba kipindi hiki cha tatu, ijapokuwa kina manufaa, kina upungufu wa kiisimu. Vipimo vya msongo vinavyotumika sana vilibuniwa kwa Kiingereza. Mama anayeulizwa kwa tafsiri kuhusu "mzigo" wa kumlea mwanawe amekwisha kutiwa jibu kinywani. Huenda ikadaiwa kwamba vipimo vya pamoja hurahisisha ulinganishi. Ni kweli, lakini majibu ya maswali yasiyowiana kimaana hayalinganishiki.

Joseph Gona na wenzake, katika utafiti wao wa Kilifi na Mombasa uliochapishwa mwaka 2015, waliwaachia wazazi waeleze wenyewe. Pepo, uchawi na laana vilitajwa sambamba na maambukizi na matatizo ya uzazi. Usambamba huo hauwezi kunaswa na hojaji ya ndiyo au hapana.

Lipo pia suala la lugha ya nyumbani. Wazazi wenye lugha zaidi ya moja hushauriwa mara kwa mara wamsemeze mtoto lugha moja tu. Hata hivyo, Hambly na Fombonne (2012) hawakuona kwamba watoto waliolelewa katika lugha mbili walichelewa kuliko wenzao wa lugha moja. Ushauri huo ukifuatwa katika nyumba ya Kigiriama na Kiswahili, bibi aweza kunyimwa mjukuu, na mjukuu bibi.

Kwa hiyo, mwanaisimu asiitwe mwishoni kusahihisha tafsiri. Awepo tangu swali la kwanza linapotungwa. Wanafunzi wetu wa uzamili wanaotafuta mada wana kazi hapa.