Mkataba wa Maji Usomwe Kabla ya Kutiwa Sahihi

Wananchi wa visiwa vya delta ya Rufiji, kuanzia Maparoni hadi Mbuchi, wamezungukwa na maji ya chumvi, na hawahitaji kufundishwa thamani ya ndoo moja ya maji matamu. Linalostahili kuelezwa, kwao na kwa viongozi wa Wilaya ya Kibiti, ni jinsi mkataba uliotiwa sahihi mbali unavyoweza kulifikia bomba la kijiji.

Mfano upo Dar es Salaam. Mwaka 2003 kazi ya kusambaza maji ya jiji hilo ilikabidhiwa kampuni ya City Water, iliyomilikiwa kwa sehemu kubwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani. Mkataba ulikuwa wa miaka 10. Kabla ya kampuni kutimiza miaka miwili kazini, makusanyo yalikuwa duni na huduma haijaboreka. Mwezi Mei 2005 Serikali ilitangaza kuuvunja mkataba. Juni mosi ikaitwaa kazi hiyo na kuwafukuza nchini wakuu wa kampuni.

Lakini mwaka 1994 Tanzania na Uingereza zilikwisha kuwekeana mkataba wa kulinda vitega uchumi. Kwa huo, kampuni ilitushitaki mbele ya waamuzi watatu wa kituo cha usuluhishi kilicho chini ya Benki ya Dunia. Julai 2008 waamuzi walisema Serikali ilikiuka mkataba kwa namna ilivyotenda. Hata hivyo hawakutoa fidia hata senti moja, kwa kuwa biashara ya kampuni ilikwisha kuharibika.

Watumishi wa Serikali wajifunze hapo kwamba kuwa na sababu njema ya kumwondoa mzembe hakutoshi. Utaratibu nao lazima ufuatwe hatua kwa hatua. Wananchi nao watambue kwamba mikataba hii si amri ya mbinguni: ule wa Tanzania na Uholanzi ulikomeshwa mwaka 2019.

Hatusemi mwekezaji afungiwe mlango. Tunasema, siku atakapokuja kutaka maji ya Rufiji, mkataba wake uletwe kwa Kiswahili mbele ya Halmashauri na mikutano ya vijiji, ijulikane nani atapanga bei, nani atapima huduma, na kesi itasikilizwa wapi. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la maji ya umma ni haki ya umma kulisoma.